Asistanti na Mstari wa Pili

Watu wa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, walijua kwamba Asistanti anasoma nyota, na kila mtu aliielewa habari hiyo kwa namna iliyomfaa. Mama mmoja muuza vitenge alikuja uani kwetu na jina la mume wake na jina la mama mkwe wake, akitaka kujua kama yule bwana aliyekimbilia Uvira, ng'ambo Kongo, atarudi au ameshaoa huko. Asistanti alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mama, nyota zenye mi nasoma hazijui hata Burundi iko wapi." Yule mama aliondoka amenuna, akatangaza sokoni kwamba msomi wetu ni mchoyo wa elimu.

Shehe wa msikiti wa mtaa naye alikuja mwenyewe, Shaabani ikielekea ukingoni na mawingu yamefunga juu ya ziwa. Alitaka kujua kama mwezi utaonekana. "Shehe," Asistanti alimjibu, "mwezi haiko kazi yangu. Iko karibu sana." Shehe alicheka mpaka akashika ukuta, na miaka kadhaa baadaye bado alikuwa anasimulia jambo hilo darasani.

Karibu sana. Hivyo ndivyo alivyopima mambo. Kwake jua lilikuwa jirani, na kazi ya maana ilianzia mahali ambapo mwanga ulianza safari ya kuja kwetu kabla watu hawajajua kulima.

Jina lake silitaji, na kusema kweli sikumbuki kulitumia hata mara moja. Alikuwa asistanti katika kitivo cha sayansi cha chuo kikuu, cheo cha chini kabisa kwa wale wanaosimama mbele ya ubao, na Buyenzi ilikigeuza cheo kuwa jina. Wenzake alioanza nao kazi walikuwa wamepanda: huyu profesa, yule mkurugenzi, mwingine balozi. Yeye alibaki asistanti kwa sababu teze yake, yaani tasnifu ya udaktari, haikumalizika, na haikumalizika kwa sababu alikuwa mkaidi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Mimi nilimjua kwa njia mbili. Kwanza kama mpangaji. Alitujia kutoka Mutakura siku mtaa wake ulipoungua, na katika mkokoteni uliomleta kulikuwa na godoro, sanduku la bati lililojaa karatasi, basi. Mama yangu alilizunguka lile sanduku, akaliinua kifuniko, akasema, "Mutu anakimbia vita, anaacha sufuria, anabeba makaratasi!" Asistanti akamwambia, "Sufuria nitanunua." Mama hakulisahau jibu hilo. Lilimkera kwa muda mrefu, kisha likaanza kumpendeza, na mwishowe akawa analitumia yeye mwenyewe kila alipotaka kumwonyesha mtu kipi kina thamani na kipi hakina. Njia ya pili ilikuja baadaye, nilipoingia kitivoni nami, binti wa fundi magari, nikamkuta mpangaji wetu amesimama ubaoni.

Alikuwa mwanamke Mkatoliki asiyekosa misa, na wala hakukosa futari. Hakufunga siku hata moja, lakini adhana ya magharibi ilimkuta ameshakaa mkekani, mikono imenawa, anaitazama sambusa kwa ibada kubwa. Alipenda kula kuliko anavyoruhusiwa mtu mwembamba kiasi kile. Ndagala wa kukaanga aliwala akifanya hesabu, na vitabu vyake vyote vilikuwa na madoa ya mafuta penye hoja nzito. Ukitaka kujua ukurasa gani ulimpa taabu, unaunusa tu.

Jambo lililotuchekesha zaidi ni kwamba mtu huyu wa nyota aliogopa giza. Jua likianza kuzama nyuma ya milima ya Kongo, aliweka kalamu chini hata kama yuko katikati ya neno. Alilala wakati mmoja na kuku. Kwenda chooni jioni alihitaji mtu wa kumshikia taa, na mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi. "Nyota zinafanywa muchana," alisema. "Usiku ni ya kulala." Tulicheka, ndiyo, na yeye alituacha tucheke. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipofikiria Mutakura na nikaelewa kwamba kuna usiku mmoja ambao hakuwahi kutusimulia. Sikumuuliza. Hata leo nakumbuka mkono wake ulivyonishika begani njiani kwenda chooni.

Mchana, hata hivyo, hakuogopa kiumbe. Picha zake zilikuwa zikitoka kwenye darubini iliyorushwa juu angani, nje ya hewa ya dunia. Wenye darubini hiyo huzifungia picha kwa muda, kisha huziacha wazi kwa yeyote anayezitaka. Rafiki yake wa zamani huko Ulaya alizinakili kwenye diski, akampa mfanyabiashara aliyekuwa anarudi kupitia Uvira, na mfanyabiashara huyo akakwama mpakani Gatumba. Asistanti hakungoja. Alipanda gari la wauza samaki akaenda mwenyewe, wakati ambao hata wauza samaki walikuwa wanasali kabla ya kupanda.

Mwanajeshi wa kizuizi cha barabarani aliiinua diski juani akaigeuzageuza.

"Hii ni muziki?"

"Apana. Ni picha."

"Picha ya nini?"

"Ya nyota."

Mwanajeshi alimtazama kwa huruma. "Mama, nyota ziko juu, kila mutu anaziona bure. We unazitoa Kongo kwa nini?"

Lilikuwa swali zuri, na Asistanti hakuweza kuliacha swali zuri lipite bila kujibiwa. Aliokota kijiti, akachuchumaa, akaanza kuchora mavumbini. Alieleza kwamba hewa inatikisa mwanga, kwamba kuna rangi ambazo hewa inazizuia zisitufikie kabisa, na kwamba ukitazama kutoka chini nyota zilizosongamana zinagandana. Nyuma yake ulijipanga mstari wa wanawake wenye beseni za samaki na magunia ya unga wa muhogo. Mwisho mmoja wao akapaza sauti, "Afande, umuachilie huyo mama, samaki zetu zinaoza!" Mwanajeshi akampa diski haraka haraka. Asistanti alirudi nyumbani na picha zake, salama salimini, lakini amekasirika, kwa sababu hakuwahi kufika kwenye nitrojeni.

Acha nieleze kidogo kuhusu nitrojeni, maana bila hiyo hutaelewa ukaidi wake.

Kuna nyota zinazokaa pamoja kwa malaki katika donge moja la duara, zimeshikana kwa uzito wao tangu zamani mno. Sisi tuliliita kishada. Kishada chake kilikuwa kile kikubwa kuliko vyote, kinachopita juu ya anga letu la kusini, naye alikiita Omega kwa sauti ya mtu anayemtaja mdogo wake. Kitabu tulichosomea kilisema nyota zote za kishada zilizaliwa siku moja katika wingu moja, kwa hiyo zimeumbwa na vitu vilevile. Ukizipanga kwenye grafu, rangi upande huu na mwanga upande ule, zitashuka katika mstari mmoja mwembamba.

Asistanti alisema ni miwili. "Mikate ya tanuri moya," alituambia darasani, "lakini unga ulikandwa mara mbili." Nyota za kwanza ziliungua, zikatema gesi yao, na gesi hiyo ikaunda nyota za pili ndani ya kishada kilekile. Zile za pili zina heliamu nyingi zaidi, nitrojeni nyingi zaidi, sodiamu zaidi, na oksijeni kidogo. Kwa jicho zinafanana zote. Ukizipima vizuri, za pili zinasimama kushoto kidogo, upande wa bluu.

Aliyaona hayo kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi Ulaya, katika vipimo hafifu vya darubini ya mlimani. Profesa wake, mzee mwenye sifa kubwa, alimwambia mstari wa pili ni kosa la vipimo na autoe. Yeye akakataa. Profesa akamwambia apumzike nyumbani kidogo, atafakari. Alikuja Bujumbura kutafakari, na vita vikamkuta hapa. Walibishana kwa barua mwaka baada ya mwaka, yule mzee kwa adabu yake na huyu mama kwa adabu yake, na hakuna aliyesogea hata inchi.

Sasa, msomaji atakuwa ameshafikia pale ambapo kila mtu alifikia. Kishada kimoja, vizazi viwili, nchi yetu na makabila yake mawili, miaka ile ya vita. Nami nakuonya: usingemwambia hivyo yeye. Alichukia ulinganisho huo kuliko alivyochukia kukatika kwa umeme. Bwana mmoja mwenye tai, mwandaaji wa semina za amani, alimfuata kitivoni akamwomba awahutubie vijana juu ya nyota zinavyokaa pamoja kwa amani ingawa haziko sawa. Tulikuwa pale. Asistanti alivua miwani.

"Nyota hazikai kwa amani," alisema. "Hazikai. Zinaungua. Umesikia, bwana? Zinaungua tu, na hakuna yenye inajua jirani yake. Kama unataka watu wakae pamoja, uwaambie watu. Usijifiche nyuma ya nyota zangu."

Yule bwana alijaribu kutabasamu. Alifunguliwa mlango.

Na bado mwanamke huyuhuyu, aliyetenganisha nyota kutwa nzima kwa undani wa damu yao, alikataa kabisa kusoma orodha ya majina darasani. Jina lingeweza kumtaja mtu na kwao, na katika miaka hiyo kulikuwa na wanafunzi waliokuwa wakiangalia nani anaitika. Alituita kwa viti. We wa dirisha. We wa nguzo. We wa mulango. Aliyehama kiti alihama na jina. Mkuu wa idara alimkaripia, naye akajibu kwamba macho yake ni mabovu na herufi za orodha ni ndogo mno. Macho hayohayo yaliweza kuona nukta ya kalamu iliyokaa nusu milimita nje ya mahali pake. Mimi nilikuwa We wa dirisha, na nilipokuja kuwa mwalimu mwenyewe niliona ni jina la heshima kuliko mengi niliyoitwa baadaye.

Kitu kingine kilichomfanya ajulikane kitivo kizima ni vita vyake na vifutio. Mwanafunzi hakuingia maabara yake na kifutio. Alisimama mlangoni na kopo tupu la maziwa ya unga, na kila mtu alitumbukiza chake humo kama anayetoa sadaka. Wageni walidhani ni kichaa kidogo. Sisi tulijua kopo hilo lilitoka wapi.

Ilikuwa likizo ndefu, kabla hajaanza kukusanya vifutio. Kitivo kilikuwa kimempa muda wa mwisho: atetee teze yake au aachie nafasi. Profesa wa Ulaya, kwa upande wake, alikubali kuja Bujumbura kumsikiliza, kwa sharti moja. Mstari wa pili uonekane katika picha za darubini ya angani. Ukionekana, ataongoza jopo. Usipoonekana, Asistanti ataandika kile kilichomo kitabuni au asahau udaktari. Naye alikwisha kusema kwamba hataandika asichokiona. Kwa hiyo kila kitu, kazi yake, chumba chake cha kupanga, na ile miaka yote aliyoishi akiitwa mbishi, kilining'inia kwenye ile diski ya Gatumba.

Kompyuta ya kitivo ilikuwa moja na umeme ulikuja ulipotaka. Ulipokuja, Asistanti aliipimisha kompyuta nyota moja moja na kuchapisha tarakimu tupu, maana printa ile haikujua kuchora. Ulipokatika, sisi tulikaa kwenye meza ndefu na karatasi za milimita, zile za miraba midogo, na penseli, tukazipanga nyota kwa mkono. Mimi nilikuwa na sauti kubwa, nikapewa kazi ya kusoma tarakimu. Wengine walichora.

Bingwa wa kuchora alikuwa msichana mmoja tuliyemwita Propre, yaani Safi, kwa kuwa hata viatu vyake havikujua matope ya Cibitoke alikotoka. Ni lazima ukumbuke shule zetu. Tangu darasa la kwanza, kila zoezi lilikuwa na maksi za usafi. Hesabu sahihi kwenye daftari chafu ilipoteza, na hesabu mbovu kwenye daftari safi ilipata cha kushika. Tulikua hivyo. Basi karatasi ya kwanza ya Propre ilipokamilika, meza nzima ilisimama kuitazama: mstari mmoja, mwembamba, umenyooka kuliko ule wa kitabuni. Wenzake wakatazama makaratasi yao yenye nukta zilizotapakaa kushoto, wakaona aibu. Siku zilizofuata karatasi zote zilitoka safi.

Asistanti alikuwa amefungiwa na kompyuta yake, hakuziona mpaka tulipomaliza. Alizitandaza juu ya meza, moja pembeni ya nyingine, akainama. Akainama tena. Kisha akakaa kitini polepole, akaweka mikono mapajani.

"Basi, donc ni moya," alisema. "Mustari ni moya."

Nilimwona akizeeka mbele ya macho yangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuzeeka kati ya sentensi mbili.

"Mi ndiye nilikosea," alisema, kwa sauti ndogo, kama anaijaribu sentensi hiyo aone itamkaa vipi. "Mzee alikuwa na haki, ndiye alisema kweli."

Alinyoosha mkono kuikusanya karatasi iliyokuwa karibu, na kidole chake kikapita juu yake. Kikasimama. Kikarudi. Akaipapasa kushoto mwa mstari kama mtu anayepapasa nguo kutafuta mahali iliposhonwa. Akainuka ghafla, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, na sote tukaona: pembeni mwa mstari ule mzuri, karatasi ilikuwa imekwanguliwa, imebaki nyembamba, mwanga unapita.

"Nani ana gomu?" aliuliza.

Waliinua mikono wote, na vifutio ndani ya mikono. Waliinua kwa fahari! Propre alikuwa na viwili, kimoja cha penseli na kingine cha wino.

"Mulifuta nini?"

"Madamu, zile zenye zilitoka inje," Propre akajibu. "Zilikuwa zinachafua."

"Ngapi?"

"Mingi, Madamu. Zilikuwa mingi sana. Tulifuta mpaka mikono inauma."

Nitakufa nikikumbuka cheko lile. Lilianzia mahali pa chini kabisa, likamtikisa, likawa kilio, likarudi kuwa cheko. Alimkumbatia Propre, ambaye sasa alikuwa analia kwa hofu asijue amekosa nini. "Usilie, mwanangu," alimwambia. "Mulifundishwa vizuri sana. Tatizo ni hilo tu." Alichukua kopo la maziwa ya unga lililowekwa penseli mezani, akalimwaga, akakusanya humo vifutio vyote, akagawa kalamu za wino. Tukaanza upya. Nilisoma tarakimu mpaka sauti ikawa kama ya chura, na hakuna aliyelalamika.

Safari hii hakukaa na kompyuta. Alivua viatu akapanda juu ya stuli, akatutazama kutoka juu. Karatasi zilijaa, zikaungana, na taratibu mstari wa kwanza ukashuka, na kushoto kwake, ukiwa umeachana nao kwa nafasi nyeupe iliyo wazi, ukashuka wa pili. Uliwekwa pale na mikono ambayo ilikuwa imeufuta. Propre ndiye aliyeuona kwanza ulivyo mzima. Alitupa kalamu akapiga kelele, na walinzi wa kitivo wakaja mbio wakidhani tumevamiwa. Wakamkuta Asistanti anacheza juu ya stuli, pekupeku, na sisi tunampigia makofi kwenye meza.

Ingekuwa nchi nyingine, hadithi ingeishia hapo. Yetu ilingoja. Profesa aliahidi kuja, mabomu yakaanguka mjini kutoka vilimani, safari ikafutwa. Akaahidi tena, ndege hazikutua. Kitivo kilisogeza muda wa mwisho kwa kunung'unika, kisha kikanyamaza, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumfukuza mtu anayekuja kazini kila siku kwa miguu. Mimi nilihitimu, nikapata kazi ya ualimu Kigoma, nikavuka. Kila aliyetoka Bujumbura nilimuuliza, "Asistanti ametetea?" Jibu likawa lilelile: bado, lakini anasema ni karibu. Na mimi niliyemjua nilikuwa nacheka, kwa sababu karibu ya Asistanti haikuwa karibu ya watu wengine.

Vita vilipoanza kuchoka, habari ikanifikia kwamba profesa ameshatua. Nilifika asubuhi ya siku yenyewe, nikaenda kitivoni na begi langu la safari mkononi.

Nilimkuta nje ya ukumbi. Alikuwa amekonda zaidi, nywele zimepata mvi, amevaa kitenge kipya alichoshonewa na mama. Alinitazama bila mshangao, kana kwamba nilitoka darasani dakika ile kunywa maji.

"We wa dirisha. Umekula?"

"Bado, Madamu."

"Mi pia. Siwezi kumeza kitu." Kwake yeye hiyo ilikuwa habari nzito kuliko vita. "Wakisema apana leo, narudi kuwa nani? Uniambie."

Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi, tukaingia.

Ukumbi ulijaa, na nusu yake ilikuwa Buyenzi: shehe mstari wa mbele, mama na wanawake wa uani katika vitenge vya sare, baba yangu na mafundi wenzake wenye kucha nyeusi hata baada ya kuoga. Jopo lilikaa nyuma ya meza, na katikati yake yule profesa, mzee mrefu aliyepauka, anasoma nakala yake kwa kalamu mkononi. Asistanti alizungumza Kifaransa chake cha taratibu. Umeme ulikatika kabla hajafika kwenye picha, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa profesa. Propre, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa lise, shule ya sekondari, alisimama na wenzake wanne. Walipanda juu ya viti wakaikunjua ile grafu ya wino, iliyounganishwa kwa gundi, ikafunika ubao mzima.

Profesa aliinuka, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa. Akarudi kukaa. Kisha akauliza swali ambalo sote tuliosoma naye tulilingoja. Je, kama nyota hizi za pembeni ni mbili mbili zilizogandana, ambazo darubini imezihesabu kuwa moja? Si ingeonekana mistari miwili palipo na mmoja?

Asistanti alifungua mdomo kujibu, akasikia minong'ono nyuma yake, wanawake wanaulizana, "Anasema nini? Amemukatalia?" Akageuka akaupa jopo kisogo.

"Ananiuliza kama ni nyota mbili zimeshikana," aliwaambia Buyenzi kwa Kiswahili. Akamtafuta baba kwa macho. "Fundi, gari lina taa mbili za nyuma, nyekundu na nyekundu. Ukiziwasha pamoja, unapata nini?"

Baba alisimama, kofia mkononi. "Nyekundu kali zaidi, Asistanti."

"Unapata bluu?"

"Bluu?" Baba aliwatazama mafundi wenzake. "Apana. Bluu itoke wapi?"

"Merci." Akaligeukia jopo na kuyarudia yote kwa Kifaransa: zikigandana, zinaongeza mwanga na kuhamia upande wa nyekundu, mstari wangu umesimama upande wa bluu, nyota mbili haziwezi kuufanya, ila heliamu inaweza. Wajumbe wawili walikuwa wanacheka. Profesa hakucheka. Aliandika kitu, akakipigia mstari.

Walitoka kujadiliana. Walikaa huko mpaka mama akaanza kusema chakula alichowapikia nyumbani kinapoa bure. Asistanti alisimama peke yake chini ya grafu, mgongo ukiwa ubaoni, na katika ukumbi ule wote hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Waliporudi, profesa alisoma karatasi yake akiwa wima. Nilimtafsiria mama sikioni, neno kwa neno. "Kwa miaka mingi nilimwambia mama huyu kwamba mstari wa pili ni kosa. Naomba iandikwe katika ripoti ya jopo kwamba kosa lilikuwa langu. Jopo linampa udaktari, kwa heshima ya juu kabisa."

Sikumaliza kutafsiri. Vigelegele vilianza kwa mama, vikashika ukumbi, vikatoka madirishani. Shehe alikuwa amesimama juu ya benchi. Mafundi walimbeba Asistanti juu juu mpaka nje, kwenye uwanja wa kitivo, miwani imepinda, na wanafunzi ambao hawakumjua hata kwa sura wakaanza kupiga makofi kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga.

Walipomweka chini, alinishika mkono akanivuta karibu. Machozi yalimtiririka na hakujishughulisha kuyafuta.

"Nilikuwa na haki," aliniambia sikioni.

"Ndiyo, Madamu."

"Apana, unisikilize. Pale Ulaya, na Mutakura, na miaka yote ile. Nilikuwa na haki." Akauachia mkono wangu, akageuka kuelekea barabarani, kwa wapita njia, waendesha baiskeli na wanajeshi wa pale getini, akajaza kifua pumzi, akapiga kelele kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kwamba anayo: "Nilikuwa na haki!"